Umenunua boti yenye chumba? Lala nayo mara tatu kabla ya kupakia familia Ziwa Tanganyika

Boti yenye chumba cha kulala ikitua mwaloni, watu wanajaa kuiangalia. Ina kitanda, dirisha, jiko dogo na paa la kukaa jioni. Mwenye nayo anataka jambo moja tu: apakie mke, watoto na marafiki, waende kulala kisiwani.

Subiri kwanza.

Boti unayoijua kwa saa mbili za mchana ni tofauti kabisa na ile utakayokutana nayo saa nane usiku. Mchana kuna mwanga, kuna watu gatini, na injini ikizima unapiga kelele unavutwa. Usiku ndipo maji yanaingia polepole, betri inakufa, nanga inateleza, na mtandao wa simu unakata.

Kwa hiyo njia nzuri ya kuijua boti ni kulala nayo kwa hatua. Usiku wa kwanza ukiwa umeifunga mwaloni, wa pili ukiwa kwenye nanga karibu na mwalo, na wa tatu kwenye safari fupi. Fanya hivyo wewe na mtu mmoja anayelijua ziwa. Familia ije baadaye.

Anza na injini, hasa kama fundi wako yuko Sumbawanga

Hili watu wa Ufipa tunalisahau. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, lakini Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu. Ukishuka Kasanga au Kipili, umeshuka kama kilomita moja kwenda chini.

Hewa ya juu ni nyepesi. Fundi akiseti kabureta mjini ili injini itulie, mara nyingi anapunguza petroli. Ukishuka ziwani hewa ni nzito zaidi, petroli ileile inakuwa kidogo mno, na injini inachemka kupita kiasi. Pistoni zinaweza kuharibika ukiwa katikati ya maji. Injini zenye mfumo wa kompyuta hujirekebisha zenyewe, ila za kabureta lazima zisetiwe upya ziwani.

Pia usiamini sana majaribio ya kwenye pipa la maji. Kwenye pipa injini haisukumi mzigo. Ijaribu ziwani ikiwa na uzito, na angalia yale maji ya kupoza yanayoruka pembeni. Yakipungua au yakikatika, zima haraka.

Halafu kuna suala la nguvu. Kwa makadirio ya kawaida, injini hupoteza asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo injini ya HP 40 pale ziwani inakupa kama 37 hivi. Kwa boti nyepesi hutaona tofauti. Kwa boti yenye chumba, vitanda na matenki, utaiona.

Usiku wa kwanza: boti ikiwa imefungwa mwaloni

Usiku huu huendi popote. Unalala ndani na kusikiliza.

*Maji.* Kama boti ni ya mbao na imekaa nchi kavu muda mrefu, mbao zimesinyaa na nyufa zimefunguka. Ukiishusha itavuja, hata kama imezibwa vizuri. Iache majini siku mbili tatu mbao zivimbe, ukiwa unakomba maji, ndipo ulale nayo. Usiku huo, kabla ya kulala, kausha kabisa chini ya sakafu. Amka saa nane upime, pima tena alfajiri. Andika. Ukijua boti yako inaingiza ndoo moja kwa usiku, siku ikiingiza tatu utajua kuna tatizo jipya.

Usitegemee pampu ya umeme peke yake. Pampu inaweza kuficha uvujaji usiku kucha, halafu betri inapoisha maji yanapanda bila wewe kujua. Ndoo na kopo viwepo daima.

*Betri.* Washa vitu vyote utakavyotumia safarini: taa, chaja za simu, friji kama ipo. Betri ya saa-ampea 100 haifai kuitumia zaidi ya nusu, yaani 50. Friji ndogo inayokula ampea 4 itamaliza hizo kwa saa 12 na ushee. Asubuhi injini haiwaki. Suluhisho ni betri mbili: moja ya matumizi ya ndani, nyingine ya kuwashia injini tu, na hiyo ya pili isiguswe na mtu.

*Hewa.* Hapa ndipo watu wanakufa kimyakimya. Baridi ya Juni na Julai kule mjini imetuzoesha kuweka jiko la mkaa ndani. Kwenye chumba cha boti, kidogo na kilichofungwa, jiko la mkaa ni kifo. Jenereta iliyowekwa karibu na mlango nayo ni hivyohivyo.

Mkaa na moshi wa injini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwenye boti kila mtu atadhani ni mawimbi tu. Mgonjwa anaambiwa aingie ndani akalale, na humo ndani ndimo gesi ilimo.

Sheria iwe moja: hakuna moto wala jenereta inayounguruma watu wakiwa wamelala, na madirisha mawili yanayotazamana yabaki wazi. Mtu akilalamika kichwa, mtoe nje kwanza, maswali baadaye.

Petroli nayo ina hila yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya sakafu. Asubuhi fungua kila kitu, nusa, subiri, ndipo uwashe injini.

Usiku wa pili: nanga

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Sehemu yake ya chini kabisa ina mita 1,470. Na sehemu nyingi kina hakisubiri ufike katikati, kwa sababu mlima unaouona ukutani mwa ziwa unaendelea kushuka hivyohivyo chini ya maji. Unaweza kuwa karibu kabisa na mwamba huku kamba yako yote haijagusa chini.

Sasa ongeza upepo. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, na hewa baridi inateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Jioni ulitia nanga pametulia. Saa saba usiku boti inasukumwa kuelekea kwenye kina. Nanga inavutwa kuteremka mteremko, na kila inapoteleza maji yanakuwa marefu zaidi na mshiko unapungua. Mwisho inaning'inia hewani, yaani majini, na wewe umelala huku boti inaelekea upande wa Kongo.

Fanya hivi:

• Pima kina kwa kamba yenye jiwe kabla ya kutia nanga. Pima na nyuma ya boti pia, maana pale panaweza kuwa pamekatika ghafla.

• Toa kamba ndefu. Kwa kulala, kanuni ni mara 5 hadi 7 ya kina. Kwenye mita 5 ni kati ya mita 25 na 35. Mita chache za mnyororo karibu na nanga zinaisaidia ilale na kushika.

• Ongeza kamba ya pili hadi kwenye mti au jiwe nchi kavu.

• Chagua alama mbili ufukweni zilizo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti na jiwe. Zikiachana, boti imesogea. Weka kengele kwenye simu, amka uangalie.

Visiwa vilivyo mbele ya Kipili, kikiwemo Ulwile, huvunja mawimbi, ndiyo maana eneo lile ni zuri kwa kujifunzia. Lakini ghuba iliyotulia hupendwa pia na viboko na mamba. Kaa mbali na midomo ya mito na majani marefu, na usishuke majini usiku kwenda kufungua kamba.

Usiku wa tatu: safari fupi

Chagua usiku wa mbalamwezi. Sababu ya kwanza ni mwanga. Sababu ya pili wavuvi wanaijua vizuri: uvuvi wa dagaa kwa taa hufanyika zaidi kipindi cha giza. Giza likiwa nene, mbele yako unaona mji mzima wa taa, na chini ya taa hizo kuna nyavu. Wavu ukijisokota kwenye pangaboi, umemharibia mtu kazi na umejikwamisha mwenyewe. Usikatize kati ya taa mbili zilizo karibu. Zunguka kwa mbali.

Boti yako nayo ionekane ni nini. Ukitembea: taa nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Ukiwa kwenye nanga: taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Ukiwasha nyeupe tupu huku unatembea, wenzako watadhani ni mvuvi aliyesimama.

Kumbuka pia kwamba wavuvi ndio waokoaji wa kwanza ziwani. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kipindi kama hicho nyavu hakuna, lakini na mtu wa kukuona ukikwama ni wachache.

Upepo unaokudanganya

Kati ya Mei na Septemba upepo mkubwa wa ziwa hili hutoka kusini-mashariki. Ukitoka Kasanga kuelekea Kipili, upepo uko mgongoni. Boti inateleza, mafuta hayaishi, unajiona umenunua chombo cha maana. Shida ni kurudi. Mawimbi sasa yanakupiga usoni, chumba kirefu kinashika upepo kama tanga, na saa tatu za kwenda zinaweza kuwa tano za kurudi.

Kwa hiyo gawa mafuta mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya dharura. Injini ya HP 40 ya kisasa ikifunguliwa yote hunywa kama lita 15 kwa saa, na zile za kuchanganya oili hunywa zaidi. Ukiwa na lita 60, fungu la kwenda ni lita 20, yaani muda kama wa saa moja na dakika 20. Kasanga hadi Kipili ni zaidi ya kilomita 100, hiyo siyo safari ya kujifunzia. Kipili hadi Kirando inatosha.

Usiseme "boti yangu inakula kidogo" bila kupima. Jaza tenki, tembea saa moja, jaza tena, soma ulichoongeza. Pima ukienda na upepo, pima ukirudi dhidi yake. Namba ya pili ndiyo ya kupangia safari.

Paa siyo baraza

Chumba kimeongeza uzito juu. Watu sita wakipanda juu ya paa kupiga picha, boti inaweza kulala upande hata kama injini ni mpya. Tanzania tunalijua somo hili kwa machungu: Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake wa abiria 101, kilipinduka Ziwa Victoria na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha.

Jaribu ukiwa mwaloni kwenye maji mafupi. Wenzako wakae wote upande mmoja, uone boti inalala kiasi gani na inarudi kwa haraka gani. Ikirudi kwa uvivu, paa lifungwe na mizigo ishushwe chini. Jaketi okozi zikae mahali pa kufikiwa gizani. Zikiwa chini ya kitanda, hazipo.

Kabla ya kuondoka

Boti ikaguliwe na isajiliwe na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kisha aga: mwambie mtu wa mwaloni au viongozi wa BMU unakwenda wapi, mko wangapi na mnarudi saa ngapi, na mkubaliane atafanya nini usipoonekana. Simu yako inaweza isishike huko, ila yeye atajua pa kuanzia kutafuta.

Nunua daftari dogo. Andika maji yaliyoingia, lita zilizotumika, kina ulichotia nanga, upepo ulikotoka. Baada ya usiku tatu utakuwa na kurasa chache zinazokuambia ukweli kuhusu boti yako. Kama kuna ukurasa unaokutia wasiwasi, lala nayo usiku wa nne, na watoto waendelee kusubiri nyumbani.