Muislamu akisema Yesu si Mwana wa Mungu, ana maana gani?

Maneno hayo machache yaliwahi kumpeleka mtu jela hapa Tanzania. Machi 2000 mhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alikuwa akihutubia mkutano wa dini mjini Morogoro. Polisi alimsikia akisema Yesu si Mwana wa Mungu, akamkamata. Mwaka uliofuata mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi 18. Kosa lilikuwa kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za wengine, kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu.

Mwisho wa kesi hiyo tutaufikia. Kwanza tuangalie jambo lenyewe, maana wasikilizaji wetu wa pande zote mbili hutuuliza: Waislamu wanamkubali Yesu au wanamkataa?

Wanamkubali sana, kuliko Wakristo wengi wanavyodhani. Kwa Muislamu yeye ni Nabii Isa bin Mariamu, amani iwe juu yake. Korani inamwita Masihi. Inasema alizaliwa na bikira, aliponya vipofu na wenye ukoma, na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu. Sura ya 19 nzima imepewa jina la mama yake. Waislamu wengi pia wanaamini kwamba atarudi duniani kabla ya Kiyama. Muislamu anayemtukana Isa amekosea kwa dini yake mwenyewe, kabla hata jirani yake Mkristo hajakasirika.

Njia zinaachana kwenye neno "Mwana". Msingi wa Uislamu ni tauhidi, yaani Mungu ni mmoja, hana mshirika. Korani, katika sura ya 6 aya ya 101, inauliza Mungu atapataje mwana ilhali hana mke. Mkristo akisikia hivyo hushangaa, kwa sababu naye hasemi kwamba Mungu alioa. Kanisa linaposema Mwana linamaanisha Yesu ni wa asili moja na Baba tangu milele, na hilo liliandikwa kwenye kanuni ya imani ya mtaguso wa Nikea mwaka 325. Kwa hiyo mara nyingi watu wawili wanabishana juu ya neno moja, kila mmoja ana maana yake kichwani. Na Kiswahili hakitusaidii, maana kwetu mwana ni mtoto tu.

Lakini tusidanganyane kwamba ni tatizo la lugha peke yake. Hata Mkristo akieleza vizuri kwamba hakuna suala la ndoa, Muislamu bado atakataa. Kwake kumpa kiumbe yeyote sehemu ya Uungu ni shirki, dhambi kubwa kuliko zote. Ndiyo sababu anaukataa Utatu pia. Na juu ya msalaba, sura ya 4 aya ya 157 inasema Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Kwa Mkristo, msalaba ukiondolewa hakuna wokovu uliobaki. Hapo pana tofauti ya kweli, na hakuna mtangazaji wa redio atakayeimaliza.

Swali la pili linalorudi kila mara ni la Biblia. Korani inataja Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi na Injili ya Isa kuwa vitabu vilivyotoka kwa Mungu. Mkristo wa Kirumba akisikia "Injili" anafikiria Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Muislamu anafikiria kitabu kimoja alichoteremshiwa Isa mwenyewe. Vile vinne anaviona ni maandishi ya watu waliosimulia habari za Isa, yenye kweli ndani yake lakini yamechanganyika. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe hawakukubaliana yamechanganyika kiasi gani. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alisema maandishi yenyewe yalibadilishwa. Wengine walisema kilichopotoshwa zaidi ni maana na tafsiri.

Basi kwa nini mhubiri wa mihadhara anapanda jukwaani na Biblia mkononi? Mtindo huo ulipata nguvu nchini miaka ya 1980. Ahmed Deedat wa Durban, Afrika Kusini, alikuwa maarufu kwa midahalo hiyo, na hapa kwetu Ngariba na Kawemba waliandika kitabu "Uislamu katika Biblia". Hoja yao ni kwamba kweli iliyobaki ndani ya Biblia inamshuhudia Muhammad. Husoma Kumbukumbu la Torati 18:18, juu ya nabii mfano wa Musa, na Yohana 14:16, juu ya Msaidizi. Mkristo hujibu kwamba Msaidizi ni Roho Mtakatifu, na kwamba sura hiyohiyo, aya ya 26, inasema hivyo. Pia huuliza: kama kitabu kimeharibika, mbona unakitolea ushahidi? Muislamu husema Korani ndiyo kipimo, kinachokubaliana nayo anakichukua. Ukisimama pembeni ukasikiliza pande zote mbili, unajifunza mengi. Shida huanza vipaza sauti viwili vikielekezana.

Kanda yetu inajua gharama ya ugomvi wa dini, ingawa si wote unaotokana na Maandiko. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, mabishano ya nani achinje yaligeuka vurugu na mchungaji akauawa. (Samaki hachinjwi, ndiyo maana Mwaloni hapa Kirumba sato anaingia kila sufuria bila kuulizwa dini.)

Sasa turudi mahakamani. Mahakama Kuu ilimpunguzia Dibagula adhabu, akatoka. Yeye hakuridhika kubaki na hatia, akaenda Mahakama ya Rufani, na huko Jaji Mkuu Barnabas Samatta na majaji wenzake wakaifuta. Upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha kwamba alikusudia kuumiza hisia za wengine. Alikuwa akihubiri imani yake, na Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini. Kwa kipimo hichohicho, Mkristo anayesema haamini kwamba Muhammad ni mtume hajatenda kosa kwa kusema hivyo tu.

Kifungu cha 129 bado kipo. Kinachotazamwa ni nia ya msemaji, si kama msikilizaji amekereka. Kuvuruga ibada ya watu au kunajisi mahali pao pa ibada kuna vifungu vyake, na huko uhuru wa kuhubiri hauingii.