Kauri na Metali: Kinga ya Mitambo Inayolika

Mitambo inayosaga mawe au kusukuma tope la mchanga hulika upesi, kwa kuwa punje ngumu hukwangua chuma bila kukoma. Kinga mojawapo, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1923 na Karl Schröter wa kampuni ya Osram, ni unga wa kabidi ya tangsteni, yaani muungano mgumu wa tangsteni na kaboni, unaochanganywa na kobalti, ukashindiliwa na kuokwa kwa nyuzi zipatazo 1,400 za Selsiasi hadi kobalti iyeyuke na kuzigandamanisha punje za kabidi. Kabidi, ambayo ni kauri, hustahimili mkwaruzo, ilhali kobalti, ambayo ni metali, huzuia nyufa; ikizidi, ugumu hupungua, na ikipungua mno, kifaa huvunjika kwa pigo, hivyo mhandisi hana budi kuipima kulingana na kazi.