Urubani kutoka Jego: wapi kwanza, ngapi baadaye

Mtoto wa Jego akitamka kwamba ataka urubani, swali la kwanza barazani huwa shilingi ngapi. Ni swali la haki. Huku mpakani mwa Kenya na Tanzania, karibu na Vanga, watu huishi kwa bahari, shamba na biashara ndogondogo za kuvuka Horohoro, na pesa zinazotajwa kwa masomo hayo ni za kununulia lori. Lakini anayeanza na bei huishia kulinganisha matangazo, na matangazo ya vyuo vya urubani hayalinganishiki. Hili limehesabu mafuta, lile halikuhesabu. Hili ni kwa dola, lile kwa pauni, jingine kwa shilingi, na ada za mitihani zimefichwa ukurasa wa nyuma. Heri kuanza na mahali, maana mahali pa kusomea ndipo panapoamua mafuta yatauzwaje, mvua itakula wiki ngapi, foleni ya ndege itakuwa na urefu gani, na leseni itakayopatikana itatambulika wapi.

Ila kabla ya kutaja mahali, ijulikane kwamba njia za kusoma ni mbili. Ya kwanza ni kozi ya mkupuo: chuo kimoja, ratiba moja, unaingia hujawahi kushika usukani na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili unatoka na leseni ya kibiashara, ile CPL, pamoja na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo na kibali cha ndege ya injini mbili. Ya pili ni ya hatua kwa hatua: leseni ya kibinafsi kwanza, PPL, kisha unapumua, unatafuta pesa, unaongeza saa, unafanya mtihani mwingine, hata kwenye chuo kingine. Viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, vinadai saa 200 za kuruka kwa anayeomba CPL, na saa 150 kwa aliyesoma kozi ya mkupuo iliyoidhinishwa. Tuseme saa moja ya Cessna ndogo ni shilingi 20,000. Tofauti ya saa 50 ni milioni moja kamili, na hapo ndipo wauzaji wa kozi za mkupuo hupata la kusema. Wasilolisema ni kwamba ada yao ya jumla mara nyingi huimeza hiyo milioni na kudai nyingine.

Kwa Mkenya, mahali pa kwanza panapokuja akilini ni uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na sababu ipo. Vyuo vimejaa pale, walimu wapo, mafundi wapo, mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, iko karibu, na kijana anaweza kupanga chumba South C au Lang'ata akaenda darasani kwa matatu. Sasa tazama saa ya injini, kale kadude ka tarakimu kwenye dashibodi kanakohesabu muda wa kukodi ndege. Katika ndege nyingi za mafunzo kanaanza kutembea injini inapowaka, si magurudumu yanapoacha ardhi. Wilson ni kiwanja chenye shughuli nyingi mno. Asubuhi, wakati ndege za watalii zinapotoka kwenda Mara na Diani, Cessna ya mwanafunzi husubiri zamu yake huku propela ikizunguka na tarakimu zikibadilika. Robo saa ya kusubiri ni shilingi 5,000 kwa bei yetu ya mfano. Ikitokea mara 20, laki moja imekwenda. Muda huo huandikwa kitabuni kama saa za kuruka, hilo ni kweli, lakini mikono haikujifunza kitu, na ndiyo maana ni wachache wanaopata PPL kwa zile saa 40 za chini kabisa.

Msongamano una gharama nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8, iliyokuwa ikija Diani na watu 44, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Sisi wa pwani ya kusini tuliipokea habari ile kwa namna mbili, kwa sababu waliokuwa ndani ya ile ndege kubwa walikuwa wageni wetu, na wale wawili wa ile ndogo walikuwa katika njia ileile ambayo vijana wetu wanaiota.

Mtu atasema basi mafunzo yaletwe pwani. Tayari wanafunzi huruka Malindi, na hoja ya usawa wa bahari ina uzito. Wilson iko juu ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, injini ndogo huhema, ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuondoka. Pwani injini hupumua vizuri na anga haina msongamano kama ule, ingawa masika ya Aprili na Mei yanaweza kumweka mwanafunzi chini wiki nzima akilipa kodi ya nyumba bure. Lakini pwani nako si kitanda cha pamba. Januari 2025 ndege ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, ikaua watu watatu waliokuwa chini wakiendelea na shughuli zao. Uwanja wowote ukizungukwa na makazi, hatari hiyo huja nayo, na Ukunda kwetu nyumba zimesogea hadi karibu na ua wa uwanja.

Mafuta nayo. Cessna 172 ya kawaida hunywa petroli maalumu ya ndege, avgasi, kiasi cha lita 30 hadi 35 kwa saa. Si yale mafuta ya taa ya jeti yanayojazwa kwenye ndege kubwa. Avgasi hutumiwa na ndege chache, huagizwa kutoka nje, na hulipiwa kwa dola kama vipuri na bima. Kwa hiyo hata chuo kinachotoza shilingi kinafikiri kwa dola. Vyuo vyenye ndege za Diamond za injini ya dizeli, zinazokubali mafuta ya jeti, vina nafuu hapo, na mzazi ana haki ya kuuliza chuo kina ndege za aina gani, ngapi zinaruka leo, na ngapi ziko gereji.

Dola yenyewe ni mwalimu mkali. Januari 2024 ilivuka shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imetulia karibu na 129. Ada ya dola 50,000 iliyokuwa milioni 8 ikawa chini ya milioni 6 na nusu, bila chuo kupunguza hata senti. Aliyelipa mwezi mmoja na aliyelipa miezi saba baadaye walisoma kitu kilekile, lakini tofauti yao ni nyumba ya vyumba viwili Lunga Lunga.

Nchi za mbali zina mvuto wake. Marekani ndege ni nyingi, viwanja ni vingi, na Arizona jua haliishi. Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787, alianzia Wilson kwa leseni ya kibinafsi kisha akaenda Oklahoma City kwa ile ya kibiashara. Mchanganyiko huo si jambo geni. Ila Marekani humchunguza kila mgeni anayetaka kujifunza urubani kabla hajagusa ndege, na baada ya ajali ya Colgan Air mwaka 2009 sheria ilibadilishwa, kiasi kwamba rubani msaidizi wa shirika la abiria kwa kawaida sharti awe na saa 1,500. Mhitimu wa kigeni mwenye saa 250 hana mlango wa kuingilia. Hurudi nyumbani na leseni inayohitaji kubadilishwa na KCAA, pamoja na mitihani ya sheria za anga za hapa.

Uingereza ndiko kozi ya mkupuo inakopigiwa debe kuliko kokote, na bei zake kubwa hufika pauni 100,000 na kupita. Tangu nchi hiyo iondoke Umoja wa Ulaya, leseni yake na ile ya Ulaya ni vitu viwili. Kisha kuna jambo ambalo mawakala wa vyuo hulipitia haraka mno: leseni haikupi haki ya kufanya kazi ugenini. Haki hiyo hutoka kwenye pasipoti na viza. Kijana wa Jego anaweza kushinda Waingereza wote darasani na bado asiitwe kwenye usaili. Na chuo chenyewe chaweza kufa. Aprili 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Scotland, ilifilisika na wanafunzi waliokwishalipa wakaachwa wakitafuta pa kumalizia. Mimi nisingelipa ada yote mbele, hata kwa chuo chenye bendera kumi mlangoni. Lipa kwa hatua, kadiri saa zinavyorukwa.

Karibu zaidi kuna Soroti, mashariki mwa Uganda, chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ili marubani wa kanda wasomee kwa pamoja. Jumuiya ilivunjika 1977, chuo kikabaki. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu, na kutoka Jego unafika kwa barabara, kupitia Likoni, Nairobi, Malaba na Mbale. Historia yake ina vipindi virefu vya uhaba wa ndege na fedha, kwa hiyo swali la ndege ngapi zinaruka leo liulizwe huko kwanza. Afrika Kusini wana vyuo vya siku nyingi na anga nzuri. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia huko bila viza kwa siku 90, lakini siku 90 ni za utalii. Mwanafunzi anahitaji viza ya masomo.

Mzee mmoja wa Jego aliniuliza, tukitoka sala ya alasiri, kama auze kishamba cha minazi mwanawe aanze. "Mzee wangu," nikamwambia, "kijana ashapimwa?" Akanitazama kama niliyetukana. Kipimo cha afya cha daraja la kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, hukagua macho, masikio, moyo na uwezo wa kutofautisha rangi. Gharama yake ni ndogo mbele ya ada, na kuna vijana hugundua hawaoni nyekundu na kijani sawasawa baada ya baba kusaini hati ya mauzo. Minazi hairudi. Mzee akauliza la pili, ambalo kwa familia nyingi za Vanga na kijiji cha Jimbo ndilo la kwanza: mkopo wa riba. Kozi za mkupuo za ng'ambo zimejengwa juu ya mikopo ya aina hiyo. Njia ya hatua kwa hatua humpa muumini nafasi ya kuchanga, kusimama na kuendelea bila deni, ijapokuwa anayesimama miezi mingi mikono husahau na saa za kurudia hulipiwa.

Baada ya leseni, soko lenyewe ni jembamba. Mwenye saa 200 hagombaniwi na mtu. Wengi hukaa miezi Wilson wakisubiri kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ndogo ya Caravan, au husomea ualimu ili saa ziongezeke huku wakilipwa kidogo. Kwa sababu hiyo, kozi ya mkupuo ninaiona na maana pale tu shirika la ndege linaposimama nyuma yake kwa mkataba wa ajira ulioandikwa. Bila mkataba huo, PPL ya hapa nyumbani kwanza, kisha saa zinunuliwe zinakopatikana kwa bei nafuu, mradi leseni ibaki ya nchi utakayotafutia kazi.

Kaunti yetu ya Kwale nayo huombwa ilipie. Ada ya shule ya kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kwa hiyo milioni 4 za rubani mmoja, yaani saa 200 kwa bei yetu ya mfano, ni karo ya mwaka ya wanafunzi karibu 75. Sidhani mfuko wa basari wa Kwale unaweza kusimama hadharani Msambweni na kuutetea uamuzi huo. Unachoweza ni kulipia kipimo cha afya na saa 5 za mwanzo kwa vijana wachache wenye alama nzuri za hisabati na fizikia kila mwaka. Saa 5 na mwalimu mkweli zinatosha kuonyesha nani ana mkono wa kazi hii na nani alipenda sare.