Friza ya Ramadhani inunuliwe lini, na kwa nani?

Kila mwaka, nusu ya Shaabani ikishapita, mitaa ya Kariakoo hujaa wanunuzi wa friza, blenda na majiko ya umeme. Sababu inafahamika. Mama wa nyumbani anataka kuweka akiba ya samaki na tui kabla mfungo haujaingia. Jirani yake amekusudia kuuza barafu na juisi ya ukwaju nyakati za alasiri. Kijana aliyepanga kuoa Mfunguo Mosi anakamilisha vyombo vya nyumba yake. Wote hao huingia sokoni katika majuma mawili yale yale, na muuzaji anaujua msimu huo vizuri kuliko wao.

Kisha, mfungo ukiwa katikati, mashauri huanza kufika kwa imamu na kwa kamati ya msikiti. Friza haigandishi, aliyeiuza haonekani, na fedha iliyotumika ilikuwa ya mke, au ya kikundi cha kuweka na kukopa, au ya mkopo ambao masharti yake hayakusomwa na mtu. Nyumba iliyokuwa na furaha mwezi uliopita sasa inafuturu kwa kununiana. Ukiyachunguza mashauri haya, aghalabu bei siyo chanzo. Chanzo ni siku iliyochaguliwa kununua, na mtu aliyechaguliwa kununua kwake.

Tuanze na siku. Ramadhani haimjii mtu kwa ghafla. Mwaka wetu wa Hijria hutangulia ule wa Miladia kwa siku kumi au kumi na moja, na kila familia inajua mapema mwezi utaangukia wapi. Anayehitaji friza ya mfungo na aitafute katika miezi mitulivu, tangu Mfunguo Nne hadi Rajabu, wakati muuzaji ana mzigo ndani na hana msururu mlangoni. Hapo atapata nafasi ya kuiwasha mbele yako, kukueleza, na hata kushuka bei. Wako wanaouepuka Mfunguo Tano, yaani Safar, kwa kudhani kuwa una mkosi na kwamba chombo kilichonunuliwa ndani yake hakidumu. Mtume (SAW) aliikanusha itikadi hiyo ya zama za ujahilia, na mwenye kuishika leo anajinyima mwezi mzuri wa kununua.

Ipo saa moja tu ambayo sheria imeifunga. Suratul Jumu'a, aya ya 9, inaamuru biashara iachwe inaponadiwa Sala ya Ijumaa, na wanazuoni wetu wa Kishafii wanakusudia adhana ile inayotolewa khatibu akiwa ameketi juu ya mimbari. Mwanamume aliyewajibikiwa na Ijumaa, akawa anabishania bei ya runinga Mtaa wa Msimbazi wakati huo, mauziano yake yanasihi lakini ameyapata kwa dhambi. Ama ile Ijumaa ya mwishoni mwa Novemba, ambayo maduka ya Magharibi yameiita Nyeusi na baadhi ya maduka ya nchi za Kiarabu yakaiita Nyeupe, jina lake halinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni bei iliyopigwa mstari mwekundu ilhali hakuna mteja aliyewahi kutozwa bei hiyo. Dawa yake ni kuandika bei ya kitu kile kile, kwa nambari yake ya modeli, katika maduka matatu, mwezi mmoja kabla. Kamati yetu hufanya hivyo kwa vipaza sauti vya msikiti: siku ya kuuliza bei haiwi siku ya kununua, na anayetumwa kuuliza haendi na fedha. Fedha ile ni amana ya waumini. Sioni kwa nini fedha ya watoto wa mtu ilindwe pungufu ya hapo.

Sasa tumwangalie muuzaji. Aingiaye Kariakoo hapigi hatua nyingi kabla hajapokewa na winga. Ni kijana mchangamfu. Atakuita mjomba au shangazi, atakuuliza unatafuta nini, na kila utakachokitaja atasema anacho. Kwa hakika hana. Atakuketisha kibarazani, atakwenda kuuchukua mzigo katika duka la mtu mwingine, ataongeza cha juu, na fedha utamkabidhi yeye. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Wengi wao ni vijana wetu, na tunaswali nao safu moja. Lakini fiqhi inatenganisha mambo mawili ambayo yeye huyachanganya. Akiwa dalali, anayekufikisha kwa mwenye mali kwa ujira unaojulikana, kazi yake ni halali na ni ya tangu zamani. Akijifanya mwenye mali, akakuuzia kitu ambacho bado kimo katika milki ya mwingine, ameingia katika lile alilokatazwa Hakim bin Hizam. Sahaba huyo alimwuliza Mtume (SAW) kuhusu mteja anayemjia kutaka kitu ambacho yeye hana, naye akawa anataka kumwuzia kisha akakinunue sokoni ampe. Akakatazwa kuuza asichokuwa nacho.

Hekima ya katazo hilo utaiona siku friza itakaponyamaza. Duka litasema halikukuuzia wewe. Winga naye atakuwa amehamia kona nyingine, na simu yake haipatikani. Kwa hiyo mwombe akupeleke dukani, ulipe kwa mwenye mali, upewe risiti ya mashine ya EFD yenye jina la duka na aina ya bidhaa, na ujira wake mpe kando kwa wazi. Risiti hiyo watu huiona kuwa ni shughuli ya TRA peke yake. Siku ya mzozo ndiyo shahidi wako, na mara nyingi ndiye shahidi pekee. Kwa simu ongeza jambo moja: bonyeza *#06#, kisha nambari ya IMEI itakayotokea uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kabla hujalipa. Waliokuwa na simu bandia mwezi Juni 2016, zilipozimwa nchi nzima, hawakuwa na wa kumrudia.

Maduka mengi yamebandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo linawatisha watu kupita nguvu yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwamo tangu kabla ya kukabidhiwa, naye hakuonyeshwa, ana hiari ya kurudisha. Sharti la muuzaji la kujivua na kila aibu halimwokoi katika bidhaa za namna hii. Imamu Nawawi katika Minhaj amelifanya lifae kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua, wala halivuki hapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya nchi yetu nayo inatambua kwamba mfanyabiashara aliyeelezwa haja ya mnunuzi hubeba jukumu la bidhaa kuifaa haja hiyo. Kwa hiyo mweleze haja yako mbele ya shahidi: kwamba unataka ya kugandisha barafu ya kuuza, si ya kuhifadhi maji ya kunywa tu.

Ila hiari hii ina adabu yake. Aibu ikidhihiri, rudisha upesi wala usiendelee kutumia. Anayegundua kuwa mlango haushiki sawasawa, akaendelea kugandisha na kuuza kwa wiki mbili huku akilalamika, Mashafii wanamhesabu kuwa ameridhia. Na waranti isome kabla hujaitoa dukani. Ile ya miaka mingi iliyoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, aghalabu ni ya kompresa peke yake. Gesi, usafiri na ujira wa fundi huwa juu yako. Uliza karakana iko wapi.

Hata hivyo bei ya dukani si bei yote, na hapa mama anayetaka kuuza barafu anahitaji kalamu. Viwango vilivyotangazwa na EWURA mwaka 2016 viliweka umeme wa mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, kuwa shilingi 100 kwa uniti, na wa mtumiaji wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi. Tuseme familia inatumia uniti 50, yaani shilingi 5,000. Inaleta friza kubwa ya kizamani inayokula uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Jumla imekuwa 110, na ikihamishiwa daraja la kawaida italipa shilingi 32,120. Zile 27,120 zilizoongezeka lazima zitoke katika barafu kabla faida haijahesabiwa. Friza ndogo yenye matumizi madogo, hata ikiwa ghali zaidi dukani, inaweza kuiacha familia chini ya uniti 75. Angalia lebo ya matumizi ya umeme kabla ya kuangalia rangi.

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wakimbilie vya mtumba, au wamwagize hujaji. Mtumba wenye kibandiko cha gesi ya R12 uuache, kwani gesi hiyo imeondolewa duniani na fundi hana ya kukujazia. Na hujaji akumbushwe kuwa umeme wa Saudi Arabia ni wa mzunguko wa 60, wetu ni wa 50, na nyumba nyingi za kule zimekuwa zikitumia volti 127 ilhali zetu ni 230. Blenda iliyoandikwa volti 127 ikichomekwa Tandika itaungua. Tende na maji ya Zamzam havina tatizo hilo.

Kuhusu kukopa, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu bei ya awamu kuzidi ya taslimu, mradi wenye kuuziana waachane wakiwa wamekata bei moja. Na likakataza deni kuongezeka kwa sababu ya kuchelewa. Basi uliza maswali mawili. Je, kampuni hii ndiyo inayoniuzia, au inanikopesha fedha kwa ziada? Na nikichelewa, deni linakua? Jibu likiwa ni mkopo wa ziada, au deni linalokua, hiyo ni riba hata ikipewa jina tamu. Lakini halali nayo ina uzito wake. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 350,000. Kwa awamu unatoa kianzio cha 50,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Hiyo 1,500 inaonekana ni ya vitafunio. Jumla yake ni shilingi 597,500, na siku usipolipa simu inafungwa.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha kuandika deni, nasi tunaisoma bila ya kuandika. Zaidi sana ndani ya nyumba. Mke akitoa fedha yake ya kikundi kununulia friza, iandikwe kama ni mkopo kwa mume, zawadi, au friza ni mali yake. Mume asiudhike kwa karatasi hiyo. Mashauri mengi ya talaka tunayoletewa yana orodha ya vyombo ambavyo kila mmoja anaapa kuwa ni vyake.

Mwisho ni siku ya kupokea. Habban bin Munqidh alikuwa akipunjwa sana sokoni. Mtume (SAW) hakumzuia kununua. Alimfundisha atangulize sharti kuwa pasiwe na hadaa, na akampa hiari ya siku tatu. Sharti hilo hata leo linafaa kuandikwa nyuma ya risiti, na muuzaji wa Mfunguo Tano hulikubali kwa wepesi kuliko wa Shaabani. Friza ikifika, isimamishwe wima, ipumzike saa kadhaa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, ichomekwe kupitia kifaa cha kuilinda na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na iwashwe ikiwa tupu. Usiku weka bakuli la maji. Asubuhi yakiwa hayajaganda, bado una siku mbili.