Tuta la Mfipa na Somo la Baiolojia

Kidato cha Sita ni mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwenye kuchukua Baiolojia hana budi kuujua mzunguko wa naitrojeni. Huusoma kwa Kiingereza, huukariri, kisha huuandika katika mtihani wa Taifa. Je, kijana wa Mpui amepata kuambiwa kwamba somo hilo limo shambani kwa babaye?

Tangu zamani Wafipa hufukia majani mabichi chini ya matuta ya duara, yaitwayo intumba. Majani huoza, na bakteria huyageuza kuwa chakula cha mimea. Juu yake hupandwa maharage, na katika vifundo vya mizizi ya maharage wamo bakteria wengine, wanaoinasa naitrojeni ya hewani. Msimu ufuatao tuta husambazwa na ulezi hupandwa.

Mwaka 1967, katika "Elimu ya Kujitegemea", Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule zifundishazo vijana kudharau maarifa ya wazee wao. Onyo hilo lingali kweli. Lakini wazee nao wanamhitaji msomi. Mahindi yapakiwapo katika lori kwenda mjini huondoka na fosforasi ya udongo, nayo haitoki hewani; tuta peke yake haliirudishi yote. Nani atamweleza mkulima hayo kwa Kiswahili, kama si kijana wake?

Basi walimu na wapeleke darasa shambani, jembe mkononi. Baiolojia iishiayo kwenye cheti haijamlisha mtu.