Kabla Hamjauza Shamba Mkatafute Uraia Ughaibuni

Hapa Singida, wakati wa mavuno ya alizeti na vitunguu, fedha huonekana nyumbani, na nyuma ya fedha huja watu wenye maneno matamu. Baadhi yao siku hizi husema: "Uzeni shamba na mashine ya kukamulia mafuta, mkafungue biashara ng'ambo. Muda si mrefu mtakuwa raia wa huko, ninyi na watoto." Akina mama hutuuliza kliniki, na hata baada ya ibada: Je, maneno haya ni kweli?

Njia ya namna hiyo ipo. Lakini mama mwenye busara huuliza bei kabla ya kufungua kibindo.

Gharama yake

Marekani iliweka njia hiyo katika sheria mwaka 1990. Tangu Machi 2022 mtaji wa chini ni dola 800,000 kwa biashara ya vijijini au penye ukosefu mkubwa wa ajira, na dola 1,050,000 kwingineko. Dola 800,000 ni kama shilingi bilioni 2. Biashara hiyo lazima itoe ajira ya kudumu kwa watu 10, na hakuna anayeruhusiwa kumhakikishia mwekezaji kwamba fedha zake zitarudi.

Mwenzi wa ndoa, na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, huingia pamoja naye. Kwanza hupewa ukaazi wa masharti wa miaka 2. Ajira zisipothibitishwa, ukaazi hupotea. Uraia huombwa, kwa kawaida, baada ya miaka 5 ya ukaazi.

Tena milango hufungwa. Uingereza ilifunga njia yake ya wawekezaji Februari 2022, na Hispania ikafunga yake Aprili 2025. Desemba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi vya kuingia. Basi anayeahidi uraia wa haraka kwa bei ya ekari chache za alizeti, mwogopeni.

Uraia wetu je?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania akichukua uraia wa kigeni kwa hiari yake, hupoteza wa kwetu. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili hutakiwa kuchagua mmoja akishafikia umri wa miaka 18. Wakenya wameruhusiwa uraia pacha tangu Katiba yao ya mwaka 2010, sisi bado. Mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha sheria ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, lakini hadhi hiyo si uraia.

Jambo hili linagusa ardhi. Kwa sheria zetu asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Kwa hiyo shamba la urithi lijadiliwe kwanza, na wazee wakiwapo.

Sauti ya mke

Sisi wauguzi huona mama aliyepanda shinikizo la damu kwa sababu nyumba imeuzwa bila yeye kujua. Wapendwa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Usitie sahihi usichokisoma. Usiposoma vizuri, mwite mtu unayemwamini akusomee.

Kaeni mezani, baba na mama, mjibu haya kwa karatasi na kalamu: Fedha zatoka wapi, na zikipotea tutakula nini? Nani atawatunza wazazi? Watoto watakuwa na umri gani siku ya kuondoka? Wakala ana ofisi na leseni, au ana simu tu? Kisha nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na kwa wakili, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwenda si dhambi, na kubaki si ushamba. Lakini safari ya familia nzima haiwezi kuamuliwa na mtu mmoja, wala kwa siku moja.