Kamera ya mkanda: Tazama hali yake kabla ya jina lake

Vijana wa hapa Pwani wamerudi kwenye kamera za mkanda. Nawaona Mji wa Kale wakipiga picha za milango ya nakshi, nawaona kwenye harusi na Pentax shingoni, na kila baada ya siku chache kuna mmoja anayeniuliza, "Ami, ninunue gani?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilijifunza kupiga picha mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nikimbebea begi mpiga picha wa harusi, wakati ambapo kamera za mkanda ndizo zilizotumika zaidi. Swali lao ni zuri, lakini wanalotaka kusikia ni jina. Mimi huwaambia kwamba kamera iliyotimiza miaka arobaini hainunuliwi kwa jina. Inanunuliwa kwa hali.

Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyedunduliza pesa za bodaboda kwa miezi kadhaa, akanunua kamera mtandaoni kwa kutazama picha zake tu. Ilipomfikia ilikuwa inang'aa kama mpya. Ndani ya lenzi mlikuwa na ukungu uliotanda mfano wa utando wa buibui, na muuzaji hakushika simu tena. Pesa ile imekwenda. Ninaandika haya ili ya mwingine isiende.

Tuelewane kwanza ni kamera gani tunayoizungumza. SLR ni ile yenye kinundu juu, ambayo lenzi yake hutoka na kubadilishwa. Ndani yake mna kioo kilichowekwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia, kioo huurusha juu, ukapita kwenye kipande cha gilasi kilicho ndani ya kile kinundu, ukafika jichoni. Kwa hivyo unachokiona unapochungulia ndicho lenzi inachokiona. Ukibonyeza kitufe, kioo huruka juu, halafu shata, yaani pazia dogo lililo mbele ya mkanda, hufunguka kwa sehemu ya sekunde na kufunga. Yote hayo ni kazi ya springi, meno ya chuma na kitambaa au bati jembamba. Vitu hivyo huzeeka, na hewa yetu ya chumvi huvizeesha upesi zaidi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pekua kabati za nyumbani. Nyumba nyingi za Pwani zina kamera ya baba au ya mjomba iliyofungwa kwenye begi tangu simu zilipoingia. Lakini ukiipata, usikimbilie kufungua mlango wake wa nyuma. Upande wa kushoto juu kuna kifundo cha kurudishia mkanda. Kizungushe polepole kufuata mshale wake. Kikizunguka bure, kamera huenda ni tupu. Kikikaza, ndani mna mkanda, na ndani ya mkanda huenda mna sura ya mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mkanda uliopigwa unaweza kuhifadhi picha miaka mingi bila kusafishwa, hasa ule wa nyeusi na nyeupe, ila mwanga ukiingia sekunde moja tu zilizo wazi zimekwisha. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, urudishe mkanda taratibu mpaka usikie umeachia, ndipo ufungue. Kisha mtafute mtu anayesafisha mikanda ya zamani na umweleze umri wake.

Kama nyumbani hakuna, basi tuje kwenye kununua. Kamera hizi ni za namna mbili. Kuna zinazofanya kazi kwa springi tupu, na kuna zinazotegemea umeme wa betri. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni ya namna ya kwanza. Betri yake ndogo mfano wa kifungo ni ya kipimo cha mwanga tu. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Nikon FM2, iliyotoka 1982, nayo ni hivyo hivyo, na shata yake hufika 1/4000 ya sekunde wakati K1000 inakomea 1/1000. Canon AE-1, ya 1976 pia, ni nyepesi kuitumia na picha zake ni safi, lakini bila betri yake ya volti 6 haipigi hata moja. Umeme wake ukiharibika, fundi wa kawaida hana la kufanya zaidi ya kutafuta kamera nyingine ya kuchuna vipuri.

Zenit-E ya Urusi ya zamani wengi mtakutana nayo, na kwa kawaida bei yake iko chini. Ni nzito na ngumu, na lenzi yake ya Helios inapendwa mpaka leo. Lakini shata yake inaanzia 1/30 na kuishia 1/500, kipimo chake cha mwanga mara nyingi kimekufa, na tundu la lenzi unalifunga kwa mkono kabla ya kila picha. Anayejifunza ataipenda au ataichukia. Olympus OM-1 nayo ni ndogo na nzuri, ila kipimo chake kiliundwa kwa betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya kisasa yenye volti zaidi, kipimo hudanganya.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kamera ya springi yenye lenzi moja ya milimita 50. Lakini K1000 mbovu haifai mbele ya Zenit nzima. Ndiyo maana nasema nenda ukaishike. Chukua tochi, au taa ya simu, na ufanye haya mbele ya muuzaji.

Toa lenzi. Fungua tundu lake lote, kisha mulika kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyeupe zinazotawanyika kama mizizi ni ukungu, na huo hula rangi ya gilasi. Hata ukisafishwa, alama yake inaweza kubaki. Vipande vyembamba vinavyofunga tundu viwe vikavu na virudi upesi. Vikiwa na mafuta vitachelewa.

Fungua mlango wa nyuma baada ya kuhakikisha hakuna mkanda. Weka shata sekunde moja, bonyeza, na uhesabu. Halafu nusu ya sekunde, halafu robo, ukipanda mpaka mwisho. Kila hatua isikike fupi kuliko iliyotangulia. Ikikwama kwenye sekunde moja au ikasikika kama inajikokota, mafuta ya ndani yameganda. Katika kasi ya juu kabisa, elekeza kamera dirishani na uchungulie kwa nyuma. Lazima uone mwanga ukipita. Shata ya kitambaa itazame dhidi ya taa kama ina vitobo.

Gusa sponji nyeusi zilizo kwenye kingo za mlango. Zikinata kidoleni kama lami, zimeoza, na mwanga utapenya na kuweka mistari kwenye picha. Hili lisikutishe. Sponji hubadilishwa, ila punguziwa bei. Mwisho fungua kijumba cha betri. Unga wa kijani au mweupe maana yake betri ilivuja, na huenda imekula nyaya. Muuzaji akikataa usifanye haya, amekujibu.

Sasa hesabu ya pili, ambayo vijana huisahau. Kamera unainunua mara moja, mkanda unaununua kila siku. Mkanda mmoja una picha 36, na baada ya kupiga kuna gharama ya kusafisha na ya kuskani. Uliza bei hizo kwanza, na uliza ni nani atakayesafisha, maana studio nyingi zilizokuwa na mashine zimeshaziuza. Mkanda wa nyeusi na nyeupe unaweza kuusafisha mwenyewe nyumbani, lakini dawa zake hutakiwa ziwe karibu na nyuzijoto 20, na maji ya bomba yetu ni moto kuliko hivyo. Weka chupa ya dawa ndani ya beseni lenye barafu na uwe na kipimajoto. Ukitumia dawa ya moto kwa dakika za dawa ya baridi, mkanda utaiva kupita kiasi.

Ukishaupata, utie vizuri. Ingiza ncha ya mkanda kwenye mhimili, vuta mara moja, uhakikishe matundu yamekamata meno pande zote mbili, ndipo ufunge mlango. Kaza kidogo kile kifundo cha kushoto. Kila ukivuta kwenda picha inayofuata, kifundo lazima kizunguke chenyewe. Kisipozunguka, mkanda hautembei, na unaweza kumaliza harusi nzima bila picha hata moja. Weka namba ya ISO iliyoandikwa kwenye mkanda, mathalani 200 kwa Kodak Gold au 400 kwa Ilford HP5.

Kipimo kikifa, bado kuna kanuni ya wazee. Jua likiwa kali, weka tundu f/16, na shata ifuate namba ya mkanda. Mkanda wa 200 utatumia 1/250, wa 400 utatumia 1/500. Chini ya kivuli cha baraza fungua mpaka f/4. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga badala ya kupunguza, kwa sababu mkanda wa negativu huvumilia uliozidi kuliko uliopungua. Na epuka jua la adhuhuri linaloshuka utosini, litakupa macho meusi chini ya kofia. Subiri baada ya swala ya alasiri.

Na kipimo kikiwa kizima, usikiamini kikamilifu. Kipimo hudhani kila kitu duniani ni cha rangi ya kijivu. Safu ya wanaume wenye kanzu nyeupe ikijaza picha, kitafikiri kuna mwanga mwingi, kipunguze, na kanzu zitoke za kijivu na nyuso giza. Hapo ongeza hatua moja, kutoka 1/250 kwenda 1/125. Akina mama wenye mabuibui meusi ni kinyume chake, punguza hatua moja. Njia nyepesi ni kupimia kwenye nyasi zilizo kwenye mwanga uleule, halafu ugeukie watu wako.

Usiku ukitumia flashi, fahamu kasi inayokubaliana nayo. K1000 na AE-1 ni 1/60, Zenit-E ni 1/30. Ukizidisha, nusu ya picha itakuwa nyeusi kwa sababu pazia lilikuwa limeshaanza kufunga.

Utunzaji wa Pwani ni mas'ala peke yake. Usiiweke kamera kwenye begi lake la ngozi kabatini, ngozi hunyonya unyevu na ukungu huzaliana humo. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu, na uitoe uitumie mara kwa mara. Ukitoka kwenye chumba cha eyasi kwenda nje, iache ndani ya begi kwanza mpaka ipate joto, la sivyo umande utaganda kwenye gilasi. Ukirudi ufukweni au kutoka kwenye feri, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa chumvi. Usiiache kwenye gari juani. Na anayekwenda Umra na mikanda aibebe mkononi, kamwe asiitie kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege, kwa sababu mashine za kukagua masanduku huiunguza.

Nimalizie na jambo ambalo ndilo zito kwangu. Picha za simu husambaa kabla bibi harusi hajashuka jukwaani, na baadhi ya familia sasa zinataka kamera ya mkanda kwenye kupamba kwa sababu haina wa kumtumia. Ni kweli, lakini kumbukeni mkanda una mtu mmoja anayeuona, naye ni msafishaji. Siku hizi akiskani, nakala inabaki kwenye kompyuta yake. Picha za wanawake waliojipamba wakiwa peke yao ni amana. Binti anayepiga kwenye shughuli hizo ajifunze kusafisha mwenyewe, au familia ikubaliane na msafishaji mapema kwamba nakala zitafutwa na negativu zote zitarudi.

Negativu hizo zitieni kwenye bahasha kavu, mbali na jikoni na bafu, na juu ya bahasha andikeni tarehe, mahali na majina. Picha isiyo na majina, baada ya miaka hamsini, ni sura za watu wasiojulikana.